Makelele ya Ghafla Ziwani

Mwaka 2003 nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, niko nyumbani Mwanza nasubiri majibu. Mzungu mmoja wa mradi wa usalama wa wavuvi akanipa kipeperushi cha kurasa mbili nikitafsiri kutoka Kiingereza. Nusu ya malipo mkononi, nusu kazi ikiisha. Siku hiyo nilitembea kama profesa.

Neno lililoniangusha lilikuwa squall. Storm, yaani dhoruba, nalijua; gust, upepo wa kuvuma mara moja, tulifundishwa; lakini hili hatukuwahi kukutana. Kamusi yangu ya kuazima, isiyo na jalada, ilitaja maana ya kwanza: kulia au kupiga kelele kwa nguvu, hasa mtoto mchanga. Maana ya pili sikuisoma. Nani anasoma maana ya pili saa nne za usiku, umeme umekatika na mshumaa unaelekea kuisha? Hivyo onyo kuu la kipeperushi kizima likawa: “Ukisikia makelele ya ghafla ziwani, geuza mtumbwi urudi nchi kavu.”

Kesho yake nikaenda mwaloni Kirumba kuwasomea wavuvi kabla ya kuchapa. Kati ya magunia ya dagaa nikasoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Nilipofika pale kwenye makelele, watu walicheka hadi mmoja akakalia ndoo ya watu.

“Makelele ya nani, mdogo wangu? Kama ni ya mke wangu, mimi hayo ndiyo nayakimbilia ziwani!”

Nilitamani ardhi inimeze. Mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu pembeni hakucheka. Akaniambia nisome tena, nikasoma.

“Aliyeandika hivyo amewahi kulisikia,” akasema. “Kwanza upepo unakufa. Maji yanatulia kama mafuta kwenye sufuria. Halafu unasikia mlio kwa mbali, kama mvua inapiga mabati ya kijiji usichokiona. Ukishausikia huo, wavu uache.”

Waliokuwa wanacheka wakanyamaza. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza, maana mwezi ukiwaka, taa zao za karabai hazivuti dagaa. Na usiku ndiyo saa yenyewe ya hatari. Nchi kavu inapoa haraka kuliko ziwa, upepo unateremka kutoka pande zote kwenda majini, unakutana huko katikati na kupanda juu, na mawingu ya radi yanajijenga juu ya vichwa vya watu wenye taa. Hilo la kupoa nilisomea baadaye. Wao walijua tu kwamba kabla ya alfajiri huwi na amani.

“Linaitwaje, babu?” nikauliza, kalamu tayari.

“Haliitwi. Tunasema, linakuja.”

Nilirudi nyumbani nikasoma maana ya pili: upepo mkali wa ghafla, mara nyingi wenye mvua. Miaka mingi baadaye nikapata kamusi nene kuliko ile, nikakuta kwamba Waingereza walianza kulitumia neno hilo kwa kelele katika karne ya 17, na mabaharia wao wakalitumia kwa upepo baadaye kidogo. Inaaminika limetoka kwa watu wa kaskazini mwa Ulaya, Wanorwe na jirani zao, wanamaji wa asili. Katika lugha yao ya kale skvala ni kupiga kelele. Katika Kinorwe skval ni maji yanayomwagika kwa kishindo. Hata gust ni gustr yao hao. Yaani mlio, maji na upepo vyote vimelala nyumba moja, na mimi niliyechekwa nilikuwa nimegonga mlango wa jirani tu.

Wataalamu wa hali ya hewa nao wana kipimo chao. Gust hupita kwa sekunde chache. Ili uitwe squall, lazima upepo uongezeke ghafla kwa kilomita zipatazo 30 kwa saa, ufike angalau 40, na udumu dakika moja au zaidi. Dakika moja ni fupi ukiwa ofisini. Kaa kwenye mtumbwi ambao ukingo wake uko shubiri moja juu ya maji, ndipo uihesabu.

Lakini siku ile sikuyajua hayo. Nilikuwa na maneno ya mzee tu, nikayaandika safi na kuyapeleka ofisini: “Maji yakitulia ghafla na ukasikia mlio kwa mbali, linakuja. Rudi.”

Mzungu alikuwa na Kiswahili cha kuombea maji na kununulia ndizi. Akaweka kidole kwenye neno.

“Linakuja. Nini inakuja?”

Nikafikiri kidogo.

“Lenyewe,” nikamjibu.

Akanitazama, akalikata kwa kalamu nyekundu, akaniambia niandike “upepo mkali wa ghafla”. Nikaandika, akanipa nusu yangu iliyobaki.