Umeuza nini mpaka kufika hapa?

Swali hilo halimo kwenye fomu. Fomu ya tathmini ya msamaha wa gharama za matibabu ninayoijaza kila siku inauliza kazi ya mgonjwa, kipato chake kwa mwezi, idadi ya wategemezi na aina ya nyumba anayoishi. Lakini mkulima wa alizeti hana kipato cha mwezi, ana msimu. Ukimbana ataje kiasi, atakutajia chochote ili mradi umwache, na kiasi hicho hicho ndicho kitakachomnyima msamaha. Kwa hiyo mimi huuliza ameuza nini. Hapo watu hunyamaza kidogo, kisha wanasema kweli: mbuzi wawili, godoro, simu ya mtoto, mahindi yakiwa bado yamesimama shambani kwa bei aliyoipanga mnunuzi mwenyewe. Mama mmoja alinijibu, "Sijauza bado, dada, ila shamba nimeliweka." Alikuwa ameliweka rehani kwa mwenye duka kijijini kwao ili apate nauli na pesa ya vipimo.

Mimi ni afisa ustawi wa jamii katika hospitali ya serikali huku mikoa ya kati ya Tanzania. Nilisoma Taasisi ya Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama, Dar es Salaam, na naishukuru. Tulifundishwa siri ya mteja, heshima ya mteja, haki ya mteja kujiamulia mambo yake. Yote nayaamini mpaka leo. Ila kuyaamini ni jambo moja, na kuyashika yote kwa pamoja saa nne asubuhi, foleni ikiwa imefika mlangoni na mhasibu anapiga simu kuuliza faili la kitanda fulani, ni jambo jingine.

Kwa asiyeujua utaratibu: uchangiaji wa gharama za matibabu katika hospitali za serikali ulianza mwaka 1993. Yapo makundi ambayo kwa sera yanatibiwa bure: wajawazito, watoto chini ya miaka 5, wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, na wenye maradhi kama kifua kikuu, ukoma na VVU. Hao kwenye karatasi hawana shida, ingawa mzee asiye na barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa atazungushwa mpaka miguu imuume. Kazi ngumu ni ya yule aliye nje ya makundi hayo. Ana miaka 45, amevunjika nyonga, hana bima, hana kitu. Huyo ndiye anayeambiwa, "Nenda Ustawi." Na Ustawi ni meza moja, benchi la wagonjwa nje, na mimi.

Mara nyingi anafika kwangu siku ya ruhusa, deni likiwa limeshaandikwa. Daktari amesema aende nyumbani, lakini bili haijalipwa, basi anakaa. Kitanda anakikalia na ndugu anaendelea kulala sakafuni pembeni yake, huku mgonjwa mwingine aliyekihitaji kitanda hicho akisubiri. Hapo ndipo naitwa mimi nitafute ukweli wa maisha ya mtu kwa dakika chache, mbele ya macho ya watu, wakati ameshapagawa.

Nimewasikia watumishi wenzangu wakisema, "Yule anaonekana ana uwezo." Anaonekana kwa nini? Kwa nguo. Huku kwetu mtu haendi hospitali ya mkoa na nguo za shamba. Kwake hiyo ni safari, na safari ina heshima yake. Anaoga, anapaka mafuta, anaazima. Mtoto anavalishwa sare ya shule kwa sababu ndiyo nguo pekee aliyo nayo isiyo na tundu. Kuna mama ambaye faili lake lilinifikia likiwa tayari limeandikwa "ana uwezo wa kuchangia", na nilipomuona nikajua ni kwa ajili ya kitenge: kipya, kimeshonwa vizuri, na kilemba chake. Nikamuuliza taratibu. Kitenge kilikuwa cha wifi yake, na wifi alikuwa ameshapiga simu anakitaka kirudi kabla ya Jumamosi kwa sababu ana harusi. Yule mama alikuwa amekula uji wa wodini tu tangu juzi yake. Tungemhukumu kwa kitambaa cha mtu mwingine.

Wadanganyifu wapo, sikatai. Aliwahi kuja bwana mmoja na malapa na shati limetoboka, na mgonjwa wa kitanda cha jirani akaninong'oneza kwamba ana mashine za kukamua alizeti na nyumba ya kupangisha. Sikuandika maneno ya jirani kwenye faili. Siwezi kuigeuza wodi iwe mahali pa wagonjwa kuchunguzana. Nilifunga mlango nikamuuliza mwenyewe, kwa heshima, kuhusu mashine. Akainamisha kichwa, kesho yake akalipa. Lakini kwa uzoefu wangu wa kazi hii, wanaostahili na hawaombi ni wengi kuliko wanaoomba na hawastahili. Aibu inawafungia watu nje ya chumba changu kuliko fomu yoyote. Wapo wanaotoroka usiku na dripu bado ipo mkononi, wakidhani watafungwa kwa deni.

Upande wa pili wa meza nao nauelewa. Kila mwezi jumla ya misamaha husomwa kwenye kikao, na karibu kila mara kuna anayesema imezidi. Ni rahisi kumwona huyo kama mtu asiye na roho. Lakini fedha za uchangiaji ndizo zinazonunua glavu, maji ya dripu na dawa za mwezi ujao. Nikimsamehe wa leo, kuna mwingine mwezi ujao atakayeandikiwa dawa akaambiwa akanunue nje, na huyo sitamwona wala hatajua jina langu. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko hasira za mhasibu. Sioni kwamba kuna siku nitalizoea, na sitaki kulizoea.

Sasa niseme kuhusu kusafisha damu, kwa sababu ndiko kulikonifanya niandike. Nimebadilisha mambo kadhaa ili mtu asitambulike.

Figo zikishakufa kabisa, mgonjwa anatakiwa asafishwe damu mara tatu kwa wiki, maisha yake yote au mpaka apandikizwe figo nyingine. Wakati ule awamu moja ilikuwa haipungui laki. Piga hesabu ya mwezi, halafu iweke mbele ya mama anayeuza vitunguu kwa mafungu barabarani. Mwanawe, dereva wa bodaboda, alifika akiwa amevimba uso na anahema kwa shida. Presha ilikuwa imemla figo miaka mingi bila yeye kujua. Awamu za kwanza zilipita kwa msamaha, maana ilikuwa dharura na hakuna aliyeuliza. Akapata nafuu, akaanza kuwatania wauguzi. Kisha ikaja kauli kwamba hospitali haiwezi kuendelea.

Sikulaumu kauli yenyewe. Mashine ni chache, na msamaha wa mtu mmoja kwa mwaka mzima unaweza kula fungu la watu wengi. Nililokataa ni namna ya kuifikisha. Niliambiwa, "Wewe wa Ustawi, kaongee na ndugu." Ndivyo inavyokuwa siku zote: uamuzi unafanyika kwenye chumba ambacho simo, kisha mimi ndiye natumwa kuusema, kana kwamba ni suala la pesa tu na mimi ndiye mtu wa pesa. Lakini kwa mgonjwa huyu kusema "msamaha umekwisha" ilikuwa kusema atakufa, na takriban lini. Hilo si neno la afisa ustawi peke yake. Nikasema sitakwenda bila daktari aliyemtibu. Kulikuwa na maneno, mengine makali, na kuna aliyesema najifanya mkubwa. Mwisho daktari alikuja, akavuta kiti, akakaa.

Nafurahi alikaa. Maswali aliyouliza yule mama nisingeyaweza. Aliuliza kama mwanawe atapata maumivu. Aliuliza kama anaruhusiwa kunywa chai, maana anaipenda. Aliuliza, "Akianza kukosa pumzi usiku, mimi nifanye nini?" Daktari alimjibu moja baada ya moja, bila haraka, akamweleza kuhusu tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mgonjwa mateso, na mofini ya kunywa, kwamba inapunguza ile hali ya kuhema hata kama haitibu figo. Kijana mwenyewe alikuwepo. Nilikuwa nimemuuliza kwanza kama anataka kusikia, akasema anataka, yeye ndiye mwenye mwili. Ukoo ukafungua kundi la WhatsApp la michango. Zikapatikana awamu kadhaa, kisha michango ikakata kama inavyokata. Alifia nyumbani, mama yake akiwa na ile chupa ya mofini na namba ya simu ya sista wa tiba shufaa, na alinipigia baada ya maziko kunishukuru kwamba hakuna aliyewaficha kitu.

Kazi hii inakufuata mpaka nyumbani. Naishi mtaa ule ule na ninaowahudumia. Sokoni nakutana na mtu ambaye najua siri yake ya VVU, yuko na mumewe, na mimi nasalimia kama nisiyemjua mpaka anisalimie yeye kwanza. Ndugu zangu wa damu wananipigia: shangazi ana mtu wake, binamu ana jirani, "wewe si ndiye unayetoa misamaha?" Nawaambia waje dirishani kama wengine, wakae kwenye benchi. Shangazi mmoja alinuna mpaka msiba wa babu ndipo tukaongea. Na pesa ya mfukoni: nauli ya mgonjwa, sabuni, maziwa ya mtoto aliyefiwa na mama. Niliweka kiwango changu cha mwezi na mume wangu anakijua. Kikiisha, nasema kimeisha, maana nina watoto pia.

Halafu kuna kuku. Mzee mmoja niliyemsaidia alirudi baada ya muda akiwa amembeba jogoo mwekundu, kamfunga miguu kwa kamba ya katani, kasafiri naye ndani ya basi. "Shikamoo mzee." "Marahaba, binti yangu. Huyu wako." Kumkatalia mzee kuku huku kwetu ni kumwambia hana maana. Kumpokea, wenye benchi wote wanatazama, ni kuwaambia kwamba msamaha una bei. Nikamuuliza wakati amelazwa nani alimwangalizia mbuzi wake. Akataja jirani. Nikamwambia, mzee wangu, mimi nalipwa mshahara kwa kazi hii, yeye hakulipwa. Mpelekee jogoo, umwambie ametoka kwangu mimi na wewe. Akafikiri, akacheka, akarudi naye. Sijui kama kuna kanuni inayosema hivyo. Mimi ndivyo nilivyoona sawa.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge mwaka 2023, na ndani yake umo mfuko wa kuwagharamia wasio na uwezo. Naitakia heri kwa moyo wote. Lakini bado kutakuwa na mtu wa kuamua nani hana uwezo, na ningependa uamuzi huo ufanyike kijijini, mtu akiwa mzima, kwa watu wanaomjua shamba lake, kuliko kwangu mimi akiwa ameshika bili. Na magonjwa kama ya figo yasiachiwe huruma ya afisa mmoja. Yawe na kamati yenye daktari, muuguzi na Ustawi, iandike sababu zake, na aliyeamua aende kusema.

Kwa sasa, kama una mzazi wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo, mchukulie barua kwa mtendaji leo, akiwa bado anatembea. Mgonjwa wako akilazwa na mnajua hamtaweza, njooni Ustawi siku ya kwanza, msingoje ruhusa. Njooni na ndugu anayejua mambo ya nyumbani. Mkikuta nimefunga mlango, nina mtu ndani. Kaeni hapo kwenye benchi, nitatoka.