Nilivyojiandaa kwa mtihani wa kupima uwezo, mimi niliyeaga hesabu kidato cha nne

Kidato cha tano na sita nilisoma HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza, kisha nikachukua shahada ya historia. Tangu mtihani wa kidato cha nne sikuwa nimekaa tena na daftari la hesabu. Kwa hiyo ujumbe ulioniita kwenye mchujo wa kazi katika benki moja ulinitia hofu ya kweli: sehemu tatu, yaani hesabu, ufahamu na maumbo, zote kwenye kompyuta na zote kwa muda maalumu. Naandika haya kwa ajili ya wenzangu wa michepuo ya sanaa ambao wakiona mtihani wa namna hii umetajwa kwenye tangazo la kazi, wanaacha kuomba.

Hesabu zenyewe hazivuki zile za sekondari: asilimia, uwiano, wastani, kusoma jedwali. Ugumu uko kwenye muda na kwenye mitego. Mdogo wangu, wakati huo yuko kidato cha tatu, ndiye aliyekuwa mwalimu wangu kila jioni. Siku moja aliniandikia swali: kilo ya mchele ni shilingi 3,000, bei ikapanda kwa asilimia 20, kisha ikashuka kwa asilimia 20. Sasa ni shilingi ngapi? Katika majibu ya kuchagua aliweka 3,000, na ndilo linalovutia jicho.

"Dada, asilimia 20 ya ngapi?" akaniuliza.

Ya kupanda ni ya 3,000, bei inafika 3,600. Ya kushuka ni ya 3,600, yaani 720, inabaki 2,880. Kuanzia hapo, kila nilipokutana na asilimia nilianza na swali hilo la mdogo wangu kabla ya kugusa kikokotoo. Kwenye mfuatano wa namba nilijizoeza kuandika tofauti chini ya kila jozi. Chukua 2, 6, 12, 20, 30: tofauti zake ni 4, 6, 8, 10, hivyo inayofuata ni 12 na jibu ni 42. Tofauti zikikosa mpangilio, jaribu kuzidisha.

Sehemu ya ufahamu ndiyo iliyohitaji kazi kubwa kuliko nilivyotarajia. Unapewa kifungu kifupi na kauli, unachagua kati ya kweli, si kweli, na haiwezi kujulikana. Sisi tuliosoma fasihi tumefundishwa kutafuta maana iliyojificha. Huku wanataka kinyume chake. Kifungu kikisema kiwanda kiliajiri watu wengi zaidi mwaka jana na uzalishaji ukaongezeka mwaka huohuo, halafu kauli ikasema uzalishaji uliongezeka kwa sababu ya waajiriwa wapya, jibu ni haiwezi kujulikana. Hakuna aliyeandika kwamba hili lilisababisha lile. Nilijiwekea sharti: kila nikichagua kweli, niweke kidole kwenye sentensi inayosema hivyo. Nisipoiona, silichagui.

Maumbo yalikuja haraka zaidi. Mengi yanafuata mtindo wa majaribio ya John Raven wa Uingereza, yaliyotoka mwaka 1938: visanduku vimepangwa, kimoja kitupu, nawe unatafuta kinachokamilisha. Fuata kitu kimoja kwa wakati mmoja. Kwanza idadi ya mistari, kisha rangi, kisha mzunguko. Kila ukipata kanuni moja, futa majibu yanayoivunja, mara nyingi yanabaki mawili tu.

Kusoma historia ya mitihani hii kulinipunguzia woga, pengine kwa sababu ndiyo fani yangu. Alfred Binet na Théodore Simon walitoa kipimo chao Ufaransa mwaka 1905 ili kuwatambua watoto waliohitaji msaada wa masomo, na Binet mwenyewe alipinga dhana kwamba akili ya mtu ni kiasi kisichobadilika. Mwaka 1917 jeshi la Marekani likaanza kupima askari wake kwa makundi makubwa, na baadaye waajiri nao wakafuata njia hiyo. Kwa maoni yangu, alama hizi zinaonyesha pia nani amewahi kukutana na maswali ya aina hiyo, na shule zetu nyingi hazimkutanishi mwanafunzi nayo. Ndiyo maana mazoezi yanalipa sana. Tafuta ya bure mtandaoni, na uyafanye ukiwa umewasha saa.

Siku yenyewe nilihakikisha bando linatosha na kompyuta imejaa chaji, maana umeme wa mtaani kwetu haukuwa wa kutegemea. Nilisoma maelekezo yote kabla ya kubonyeza kuanza. Hayakutaja kukatwa alama kwa jibu baya, hivyo sikuacha swali tupu. Maswali ya jedwali moja niliyamaliza yote pamoja, na lililonishinda nililiruka nikalirudia mwishoni.

Nilipita, nikaitwa kwenye mahojiano, na kazi nikaipata. Sasa namsaidia binamu yangu aliyeomba kazi serikalini kupitia Ajira Portal. Huko usaili wa mchujo hulalia zaidi kada uliyoomba, kwa hiyo tumeanza na masomo ya fani yake, na vyeti vyake halisi tumeshavikusanya kwenye faili moja, kwa sababu slipu za matokeo hazipokelewi.