Nilivyoimudu kauli taarifa ya Kiingereza

Nilipokuwa nikijitayarisha kufanya mtihani wa Kidato cha Nne nikiwa mtahiniwa wa kujitegemea hapa Wete, Pemba, hakuna mada ya sarufi ya Kiingereza iliyonichukulia muda mrefu kuliko kugeuza kauli halisi, yaani maneno kama msemaji alivyoyatamka, kuwa kauli taarifa, yaani maneno hayo yanaposimuliwa na mtu mwingine. Nyakati za vitenzi nilizijua, viwakilishi nilivijua, na mpangilio wa maswali nao haukunisumbua. Lakini mada hii inavitaka vyote hivyo vikutane ndani ya sentensi moja, na ndiyo maana mtu anaweza kuzipita mada zote zilizotangulia kwa alama nzuri na bado akakwama hapa. Naeleza namna nilivyoimudu kwa sababu naamini kwamba sehemu kubwa ya ugumu wake kwetu sisi tuliokulia ndani ya Kiswahili ina sababu inayoelezeka.

Skuli tulipewa jedwali la mabadiliko na tukatakiwa tulihifadhi: "is" inakuwa "was", "will" inakuwa "would", "today" inakuwa "that day", na kuendelea hivyo mpaka chini ya ukurasa. Jedwali lile ni sahihi wala silidharau, ila halisemi kwa nini mambo yanabadilika, na mwenye kulihifadhi bila ya sababu hubadilisha kila anachokiona, hata kisichohitaji kubadilishwa. Aliyenifungua macho ni jirani yetu, mwalimu mstaafu, ambaye jioni baada ya sala ya alasiri alikubali kunisomesha barazani kwake. Kila nilipompelekea sentensi, kabla hajaitazama kalamu yangu alikuwa akiniuliza: "Haya, mwanangu, nani kasema, kamwambia nani, na wewe unasimulia lini?" Nilikuwa nikimjibu, "Maalim, kasema fulani kumwambia fulani, jana," na hapo ndipo tulipoanza kazi.

Swali lake la tatu ndilo lenye uzito zaidi, kwa sababu hapo ndipo Kiswahili na Kiingereza vinapoachana. Sisi tunasema "Asha alisema anaumwa", na hakuna anayeshangaa kuona "alisema" na "anaumwa" vikikaa pamoja, kwa kuwa kiambishi "na" hapo kinahesabiwa tangu pale Asha alipokuwa akisema. Yeye kwa wakati ule alikuwa anaumwa, basi. Kiingereza hakihesabu hivyo. Chenyewe kinahesabu tangu pale anaposimama msimulizi, na kwa msimulizi maumivu yale ni ya wakati uliopita kama ulivyo usemi wenyewe, kwa hiyo inakuwa "Asha said that she was ill". Vivyo hivyo "alisema atakuja" inakuwa "said that she would come", na "alisema ameshakula" inakuwa "said that she had already eaten". Kilichokwisha kupita kabla ya usemi hurudishwa nyuma hatua moja zaidi: aliyetamka "I bought fish" tunamsimulia kuwa "said that he had bought fish".

Nilipoishika sababu hiyo, mambo mengi niliyokuwa nikiyahifadhi kama mambo ya pekee yalijieleza yenyewe. Kitenzi cha kusimulia kikiwa katika wakati uliopo, kama "Asha says", hakuna umbali wowote kati ya msemaji na msimulizi, na nyakati zinabaki zilivyo: "Asha says that she is ill". Jambo ambalo ni kweli siku zote, kwa mfano kwamba dunia inalizunguka jua, linaruhusiwa kubaki katika wakati uliopo hata kama aliyelisema alilisema zamani. Na vitenzi ambavyo tayari viko mwisho wa safari ya kurudi nyuma, kama "had gone", au vitenzi visaidizi "would", "could", "should" na "might", havina pa kusogea zaidi, kwa hiyo havibadiliki. "Must" ndiyo iliyotaka uangalifu wa peke yake, kwani ikiwa na maana ya kulazimika huwa "had to", lakini ikiwa na maana ya kukisia, kama mtu anaposema "He must be tired", hubaki "must".

Mazoezi ya kitabuni hayakunitosha, nikafungua daftari ambalo ukurasa wa kushoto niliandika maneno ya watu niliyoyasikia, kwa Kiingereza cha kauli halisi, na ukurasa wa kulia nikayasimulia. Moja ya kurasa hizo niliiandika nikiwa bandarini Mkoani, nikisubiri boti ya kwenda Unguja siku ambayo upepo ulikuwa mkali. Ofisa mmoja alitoka akatutangazia abiria kwamba bahari imechafuka na boti itaondoka kesho yake asubuhi. Kushoto niliandika: "The sea is rough. The boat will leave tomorrow morning." Kulia niliandika: "The officer told us that the sea was rough and that the boat would leave the following morning."

Sentensi ile ilinifundisha zaidi ya nilivyotarajia. Usiku uleule nilimpigia simu kaka yangu aliyekuwa akiningojea mjini Unguja, na kama ningemsimulia kwa Kiingereza ningekuwa na haki kabisa ya kumwambia "tomorrow morning", kwa sababu kesho ya ofisa ilikuwa bado ni kesho yangu na kesho ya kaka. Ningeisimulia wiki iliyofuata, "tomorrow" ingeitaja asubuhi nyingine kabisa. Neno "here" nalo ni hivyohivyo: nikiwa nimekaa palepale bandarini ni "here", nikishafika Unguja ni "there". Maneno ya wakati na ya mahali hayabadiliki kwa amri ya jedwali, yanabadilika kwa sababu msimulizi amesogea. Katika mtihani hatuambiwi msimulizi yuko wapi wala anasimulia lini, kwa hiyo kinachotarajiwa ni kuchukulia kwamba amekwisha kuondoka mahali pale na siku ile, na hapo "now" inakuwa "then", "yesterday" inakuwa "the day before", na "two days ago" inakuwa "two days before".

Kuhusu amri na maombi, nasikitika kwamba hakuna aliyetuonesha mapema jinsi Kiswahili kinavyotubeba. Mzazi akisema "Funga mlango", sisi tunasimulia "alimwambia afunge mlango". Akisema "Usifunge mlango", tunasimulia "alimwambia asifunge". Pale penye "afunge" Kiingereza kinaweka "to close", na pale penye "asifunge" kinaweka "not to close": "She told him to close the door", "She told him not to close the door". Hakuna wakati wa kurudisha nyuma na hakuna "that". Kilichobaki ni kuchagua kitenzi kinacholingana na nia ya msemaji, aliyeamuru akapewa "ordered", aliyeshauri akapewa "advised", na aliyeomba akapewa "asked", kisha neno "please" likaachwa, kwa kuwa "asked" imekwisha kulibeba ombi. Tofauti ya "said" na "told" nayo tunayo tangu utotoni: "alisema" haimtaji aliyeambiwa, "aliniambia" inamtaja, na mwenye kuandika "he said me" angejiuliza tu kama angeweza kumaanisha "aliniambia" kwa kusema "alinisema".

Maswali yanataka utulivu. Swali la kujibiwa ndiyo au siyo hupokewa na "if" au "whether", kama sisi tunavyoweka "kama": "She asked me if I was hungry". Shida iko kwenye maswali yenye neno la kuulizia, kwa sababu kwa miaka tumehimizwa tusisahau "do" na "did", na hapa inatubidi tuviondoe. "Where do you live?" inakuwa "She asked me where I lived", kwa mpangilio wa sentensi ya kawaida, na alama ya kuulizia haipo tena, kwani anayesimulia hamuulizi mtu kitu. Maalim alinitaka kila swali nililogeuza nilifunike mwanzo wake kwa kidole, nibaki na "I lived" peke yake, nisome kama ni taarifa iliyokamilika. Ikisomeka vizuri, mpangilio umekaa sawa. Ikisomeka "did I live", kazi bado.

Viwakilishi sikuvitumikia muda mrefu, kwani ukishajua nani kamwambia nani, "I" na "you" hujipanga. Tahadhari moja tu ninayoiona ya lazima ni pale wanaume wawili au wanawake wawili wanapozungumza, maana "Juma told Ali that he had won" haioneshi aliyeshinda ni yupi, na hapo ni bora kulirudia jina.

Kabla ya mtihani nilijizoeza pia kurudi upande wa pili, kutoka kauli taarifa hadi kauli halisi, na hilo nalipendekeza kwa kila anayejifunza. Hapo ndipo nilipotambua kwamba "had lost" inaweza kuwa imetoka kwenye "lost" au kwenye "have lost", kwa hiyo kitenzi peke yake hakitoshi kukurudisha ulikotoka. Siku hizi, watoto wa mtaani wanaponiletea sentensi kama "He said that he had lost his pen the day before", huwataka watafute kwanza neno la wakati, wakikiona "the day before" wanajua msemaji alitamka "yesterday", na kwa kuwa "yesterday" haikai pamoja na "have lost", wanaandika bila ya kusita: "I lost my pen yesterday."