Nilivyoacha kulazimisha ndege itue

Ilikuwa Julai, kusi limekolea. Njia kuu ya kurukia na kutua ya Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, namba 05, inatazama kaskazini-mashariki, kwa hiyo upepo wa kusini-mashariki unakupiga ubavu wa kulia moja kwa moja. Nilikuwa najifunza urubani, niko na mkufunzi ndani ya Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja, duru ya sita ya kupaa na kutua asubuhi hiyo.

Tulizoea kuja kutua kwa noti 65, kama kilomita 120 kwa saa. Nilikuwa na 75. Nyuma yangu kulikuwa na ndege ya abiria, nikajitia haraka mwenyewe.

Tulipofika juu ya lami ndege ikagoma kushuka. Ikawa inaelea futi chache tu, mistari myeupe inapita chini yangu. Nikausukuma usukani mbele. Gurudumu la pua likagonga kwanza, tukadunda. Nikasukuma tena, tukadunda zaidi.

"Nashika mimi," mkufunzi akasema, wala hakupaza sauti. Akatia nguvu zote za injini, akaituliza pua, akapunguza flapsi, vile vibao vya nyuma ya mabawa, kidogo kidogo, tukapaa.

Baada ya kuegesha alichuchumaa mbele ya ndege, akapitisha kidole kwenye bati la nyuma ya injini akitafuta mkunjo, maana pigo la gurudumu la pua huishia pale. Akamwita fundi. Kisha akanigeukia: "Kasi hata mimi hunizidi, mwanangu. Ila wewe ulishaamua kutua tangu Pugu, kabla hata hatujaufikia uwanja."

Nililala na maneno hayo. Nikamwomba saa nzima ya kupaa tena tu, bila kugusa lami. Saa ya ndege ni ghali na iliniuma kuilipia, lakini hakuna saa iliyonifaa kama ile. Tangu hapo nikifika futi 300 juu ya ardhi nataja kwa sauti: kasi, flapsi, mstari wa katikati. Kimoja kikiwa hakijakaa sawa, napaa. Mkono wa kulia hauachi wenzo wa injini mpaka magurudumu yatulie. Na ndege ikidunda, sisukumi kamwe.

Septemba nikiwa peke yangu, upepo ulinisogeza nje ya mstari. Nikatia nguvu, nikapaa, nikawaarifu mnarani, nikazunguka upya. Mara ya pili niliinamisha bawa la kulia kuukabili upepo. Gurudumu la kulia likagusa, la kushoto likafuata, la pua likashuka lenyewe.