Boksi la viatu kutoka Småland

Nimekulia Kiomboi, Iramba, nikapata kipaimara katika kanisa lililolelewa na wamisionari wa Augustana. Sisi tuliwaita Wamarekani, basi. Nilipohamia Minnesota ndipo nikajua kwamba Sinodi ya Augustana, umoja wa sharika za Kilutheri, iliundwa mwaka 1860 na wahamiaji, wengi wao kutoka Sweden, na kwamba kwa miongo mingi waliabudu kwa Kiswidi hukuhuku Marekani.

Kwa hiyo bibi mmoja wa usharika wetu, miaka tisini na ushee, aliponikabidhi boksi la viatu lenye barua na picha za wazazi wa baba yake, sikukataa. Kiswidi chenyewe alibakiza sala ya chakula tu. Wanawe, hata hiyo hawaijui.

Nikaanza vibaya: nilitafuta jina. Babu yake ni Johan Petersson, yaani Johan mwana wa Peter, na wakulima wa wakati ule hawakuwa na jina la ukoo. Mtoto wa kiume wa Johan aliitwa Johansson, binti Johansdotter. Mtu wa kwetu, anayebeba jina la baba, alipaswa kuling'amua hilo mapema! Nilimfuata Johan Petersson mmoja wiki mbili nzima, mpaka nikakuta alifariki akiwa na miaka tisa.

Kinachotakiwa ni usharika aliotoka. Sheria ya kanisa ya Sweden ya mwaka 1686 iliwataka wachungaji waandike washarika wao, na vitabu hivyo Hifadhi ya Taifa ya Sweden imeviweka kwenye intaneti, bure tangu 2018. Jina la usharika nililikuta ndani ya jalada la kitabu cha nyimbo, kwa wino uliofifia: Älmeboda, Småland, kusini mwa Sweden. Nikaenda kwenye orodha, herufi A. Hakuna. Nilihangaika jioni nzima kabla ya kugundua kuwa Waswidi huziweka Å, Ä na Ö mwisho kabisa, baada ya Z.

Ukurasa wenyewe ulinikalisha macho hadi usiku. Mchungaji alikuwa akizungukia usharika kuwahoji watu Katekisimu, na alama anawapa. Johan: kusoma vizuri, kuelewa kidogo. (Bibi alicheka mpaka akafuta machozi.) Pembeni kumeandikwa “N. Amerika”, mwaka 1882, na jina lake limepigwa mstari, kama walivyofanyiwa wote waliohama. La mama yake, juu yake, halikupigwa mstari.

Kuhifadhi kwenyewe hakukuhitaji fedha nyingi. Nilitoa pini na vibanio vilivyoshika kutu, nikaskani kila barua pamoja na bahasha yake, kisha nikaziweka kwenye mafaili yasiyo na asidi. Barua moja mtu aliishaibandika seloteipu; niliiacha hivyohivyo, kuibandua ni kuichana. Nyuma ya picha niliandika kwa penseli laini, maana wino hupenya. Kazi kubwa ilikuwa kumrekodi Bibi kwa simu akigusa sura mojamoja: huyu shangazi wa Duluth, huyu alirudi Sweden, huyu tusimzungumzie. Huyo wa tatu ndiye niliyetaka habari zake zaidi, ila Bibi alifunga mdomo.

Tulikubaliana nakala zibaki kwa wanawe, na karatasi zenyewe ziende Kituo cha Swenson katika Chuo cha Augustana, Rock Island, Illinois, kinachokusanya kumbukumbu za wahamiaji wa Kiswidi. Nilitaka azipeleke mapema, angali hai wa kueleza. Wanawe walidhani naharakisha msiba.

Picha moja ilitushinda: mwanamume kwenye ngazi za nyumba ya mbao, mbwa miguuni. Niliandika “hajulikani”. Siku nne baadaye Bibi akanipigia saa tano usiku. Mtu bado hamkumbuki, lakini mbwa anaitwa Karo. Nikachukua penseli nikaongeza.