Quanzhou: Budha mbele, Krishna nyuma

Wengi tunaoenda Guangzhou kufuata mzigo tunaishia madukani na hotelini, safari hii nikasema hapana, nilipomaliza kufungasha nikapanda treni ya mwendokasi hadi Quanzhou, jimbo la Fujian. Ndio ile bandari ya Zaitun ya Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, huyohuyo aliyepita Mombasa na Kilwa karne ya 14.

Nikaenda moja kwa moja hekalu la Kaiyuan. Ni la Kibudha, limeanzishwa mwaka 686, ukumbini Mabudha watano wamekaa mstari mmoja wanang'aa dhahabu, na juu kwenye mihimili kuna viumbe wenye mabawa wameshika ala za muziki. Watu wamejaa mbele na vijiti vyao vya udi. Wewe zunguka nyuma sasa! Kuna nguzo mbili za mawe zimechongwa visa vya Krishna, mungu wa Wahindu, kazi ya Kitamil kabisa, yaani ya watu wa India kusini, na chini ya jukwaa la mbele kuna simba wenye nyuso za watu. Wafanyabiashara wa Kitamil walikuwa na hekalu la Shiva, mungu mwingine wa Wahindu, mjini humu, jiwe lake lenye maandishi ya Kitamil na Kichina ni la 1281, likaja kubomoka na waliokarabati Kaiyuan enzi za wafalme wa Ming wakachukua mawe yake.

Nilikaa pale sana jamani, maana huku kwetu unasikia "dini za Wahindi na Wachina zote ni moja tu", na mimi siafiki kabisa. Uhindu na Ubudha ni ndugu wa tumbo moja, wote wa India, wote wana karma, yaani matendo yako yanakurudia, na kuzaliwa tena, hata miungu ya Kihindu Indra na Brahma wamo kwenye visa vya Budha. Ugomvi wao ni nafsi: Wahindu wengi wanasema ndani ya mtu kuna atman isiyokufa, Budha akasema humo hakuna kitu cha kudumu. Halafu Wahindu wengi wakasema Budha ni mungu wao Vishnu aliyeshuka duniani, Wabudha hawataki kusikia.

Utao, dini inayomfuata mwalimu wa kale Laozi, wenyewe umezaliwa China kwenyewe. Kesho yake nikapanda mlima Qingyuan kumwona Laozi, mzee wa ndevu ndefu na masikio makubwa, jiwe moja lililochongwa enzi za wafalme wa Song, zaidi ya mita 5 kwenda juu. Ubudha ulipoingia China ulikuta mawazo ya Laozi yameshatangulia, wakaazimana sana, Watao wakachukua mtindo wa nyumba za watawa, na Wabudha wa Chan, ile Zen ya Wajapani, wakachota kwa Laozi. Na waligombana vibaya, Watao wakaandika kwamba Laozi alienda India akawa ndiye Budha! Mwaka 1258 wakashindwa mjadala mbele ya Wamongolia, na 1281 Kublai Khan, Mmongolia aliyetawala China, akaamuru vitabu vya Watao vichomwe isipokuwa Daodejing, kile cha Laozi. Yaani mwaka uleule wa jiwe la hekalu la Shiva, chini ya mtawala yuleyule, mgeni anaruhusiwa kujenga na mwenyeji anachomewa vitabu, hilo liliniuma.

Nikamalizia kijiji cha Chedian, kuna kibanda cha ibada chenye mungu wa Kihindu wa mikono minne, bibi mmoja akaniambia huyu ni Guanyin. Na Guanyin mwenyewe ni Avalokiteshvara, mtakatifu wa huruma wa Wabudha wa India, China wakamfanya mama, mpaka mahekalu ya Kitao yanamweka. Ukienda usiache makumbusho ya bahari pale mjini, mawe mengine ya hekalu lile la Shiva yako huko, nenda asubuhi mapema.