Nani Alikagua Spea?

Agosti 2011 tulikuwa wanne kwenye pikapu ya kukodi, tukitoka Windhoek, mji mkuu wa Namibia, kwenda Sesriem, lango la kuingilia kwenye milima ya mchanga ya Namib. Watanzania tulikuwa wawili: mimi na jamaa wa Tanga tuliyemwita Mwalimu, ingawa hajawahi kushika chaki. Wa tatu Mzambia, aliyekuwa na leseni ya kueleweka kuliko zetu. Wa nne mwenyeji, kijana wa Oshakati, kaskazini kabisa, ambaye hilo jangwa la kwao alikuwa analijua kwenye picha za kalenda kama sisi.

Kazi tuligawana usiku wa kuamkia safari. Mzambia usukani, kijana wa Oshakati maji na mafuta, Mwalimu chakula, mimi kukagua gari. Asubuhi kulikuwa na baridi ya kung'ata masikio. Mhudumu wa pale tulipokodi akanipa fomu na kalamu, nikalizunguka gari, nikayapiga teke matairi mawili matatu kama nilivyoona madereva wa mabasi wanavyofanya Ubungo. Spea ilikuwa imefungwa chini ya bodi. Kuifikia kulitaka ulale chali kwenye zege, nami nilikuwa nimevaa koti jipya. Nikaweka tiki.

"Spea je?" Mwalimu akauliza kutoka dirishani.

"Iko poa."

Lami ilitufikisha Rehoboth bila tabu. Mbele yake tukaingia kwenye changarawe. Barabara za kule ni pana na hupitiwa na greda, na hapo ndipo zinapokudanganya: unakanyaga mafuta kama uko kwenye lami, kumbe chini kuna mawe yenye ncha. Sehemu nyingine zimejikunja kama bati, mpaka meno yanagongana. Wenyeji hupunguza upepo kidogo kwenye matairi na hawavuki themanini. La kwanza tulikuwa hatulijui. La pili tulilijua.

Solitaire tukajaza mafuta. Ni kituo tu kati ya nyika: sheli, duka, bekari inayosifika kwa pai ya tufaa, na nje mizoga ya magari ya zamani, kutu tupu, mipungate imeota kandokando. Mwalimu akasema magari yale yote yalikaguliwa na mimi. Tukacheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Tulikuwa tumeiacha Solitaire kama nusu saa hivi tuliposikia mlio kama wa mtu anayechana khanga. Gari likavuta kushoto, Mzambia akalishika, tukasimama katikati ya vumbi letu wenyewe. Tairi la nyuma lilikuwa limechanika ubavuni, mpasuko wa kuingiza vidole vinne. Jeki ikawa inazama kila tukiinua, hadi Mwalimu akatoa ubao wake wa kukatia nyama tukauweka chini. Ukapasuka mara mbili, lakini ukashika. Tukafunga spea, tukakaza nati, Mzambia akateremsha jeki taratibu, na spea nayo ikateremka. Ikalala hadi rimu ikagusa changarawe.

Hakuna aliyesema neno. Simu hazikuwa na mtandao. Kijana wa Oshakati akahesabu maji, yalikuwa ya kutosha, akahesabu tena.

Tulikaa pale zaidi ya saa mbili. Ukimya wa mahali pale sijaukuta kwingine. Hakuna hata nzi. Kwa mbali choroa wawili walisimama wakitutazama, pembe zao zimenyooka kama mikuki, halafu wakatuchoka wakaondoka. Geti la Sesriem hufungwa jua likizama, na jua lilikuwa linashuka. Kila mmoja alikuwa na maelezo yake: joto, mawe, wenye gari. Wenye gari ndio waliotukanwa zaidi, na mimi nilichangia.

Ndipo ikaja pikapu kuukuu, nyuma imebeba nguzo za uzio na mbuzi mmoja. Akashuka mzee mwembamba mwenye kofia ya sufu, akasema kitu kwa Kiafrikana. Kabla kijana wa Oshakati hajajibu, Mwalimu, kwa mazoea tu ya mtu wa Tanga akimwona mzee, akaropoka: "Shikamoo."

Mzee akasimama. "Marahaba," akasema. Kisha polepole, kama anayetafuta funguo mfukoni: "Ninyi ndugu ni wa Tanzania?"

Alikuwa mpiganaji wa SWAPO, chama kilichopigania uhuru wa Namibia, alikaa kambini Kongwa, Dodoma, miaka ya sitini, wakati kambi ile ina vijana wa ukombozi wa nchi hizi za kusini: FRELIMO, ANC, ZAPU na wenzao. Kiswahili chake kilikuwa cha gwaride, cha "ndugu" na "haraka" na "chakula tayari". Akauliza kama Kongwa bado kuna vumbi. Mwalimu akamwambia lipo, halijaenda popote. Mzee akacheka hadi akashika bodi ya gari. Nyumbani tunasoma habari za kambi zile shuleni, tunajibu mtihani, tunasahau. Mimi hata Kongwa sijawahi kufika.

Alikuwa na pampu ndogo ya kuunganisha kwenye betri. Ikanguruma, spea ikaanza kuinuka. Mzee akachuchumaa, akalipapasa tairi zima kwa kiganja, akaminya kwa dole gumba, akaweka sikio kwenye valvu. Halafu akatutazama sisi wawili.

"Hii haikutoboka. Haikuwa na upepo tangu mjini. Nani alikagua?"

Nilitazama chini, kwenye vipande vya ubao wa nyama. Mzambia akauliza, kwa Kiingereza, mzee anasema nini. Mwalimu hakunitazama hata kidogo.

"Anasema baridi ya usiku hunywesha upepo wa tairi," akamjibu. "Eti ni kawaida huku."

Mzee alielewa Kiingereza vizuri tu. Akakusanya nyaya zake kimya. Fedha alikataa, alipoulizwa anataka nini akataka majani ya chai ya Tanzania kama tunayo, Mwalimu akampa pakiti nzima. Akatuambia tusizidi sitini na akaondoka na mbuzi wake.

Geti tuliwahi kwa dakika chache. Usiku, kando ya moto, kijana wa Oshakati alitueleza kwamba Sesriem ni kamba sita za ngozi, maana watu wa zamani waliunga sita ndipo ndoo ifike maji kwenye korongo. Mzambia bado alikuwa anaishangaa ile baridi inayokula upepo, anasema atawasimulia Lusaka. Nikafungua mdomo. Mwalimu akanisukumia sufuria lililogandiana ugali.

"Wewe kaoshe vyombo."

Maji ya bomba yalikuwa kama barafu. Niliosha usiku ule, na kesho yake tuliporudi kutoka Deadvlei, lile bonde la miti iliyokauka kati ya milima ya mchanga, miguu imejaa mchanga, na keshokutwa, asubuhi na jioni. Hakuna aliyeuliza kwa nini zamu haibadiliki.